Barua ya Mpishi wa Bwana DC

Mtu wa kwanza kuniamuru ninawe mikono ndani ya duka langu mwenyewe alikuwa Afande. Nilikuwa na mwezi mmoja tu hapo Wanyange, nje kidogo ya mji wa Jinja, mimi na mashine yangu ya fotokopi, mashine ya laminesheni, na kompyuta moja iliyokuwa ikizimika kila ikihisi mvua. Akaingia mzee mrefu, mkavu, shati limepigwa pasi mpaka unaogopa kulipita karibu. Akaweka bahasha mezani na kuifunika kwa kiganja.

"Mama, wewe nakula nini leo?"

Nikamwambia mandazi.

"Basi enda nawa. Na sabuni."

Nikaenda kunawa. Mpaka leo sijui kwa nini nilikubali. Alikuwa amestaafu uaskari magereza miaka mingi, lakini sauti haikustaafu naye. Niliporudi akaniambia nizime feni na nirudishe mlango, maana upepo, kwa maneno yake, ni mwizi asiye na rekodi. Ndipo akaitoa barua.

Ilikuwa karatasi moja, rangi ya chai yenye maziwa mengi, imepigwa taipu kwa Kiingereza. Pembeni ilikuwa na doa la mafuta, na chini sahihi ya wino iliyojikunja mara tatu na muhuri wa zambarau. Aliisoma mwenyewe kwa sauti akiwa amesimama wima, kisha akanitafsiria kana kwamba mimi sikusoma shule. Ilisema hivi: mwenye barua hii ni mpishi wangu, siwezi kukaa bila yeye msimu huu wote, kwa hiyo yeye na wanawe wahesabiwe kuwa wamekwisha kutahiriwa. Aliyeitia sahihi alikuwa Bwana DC, mkoloni wa Mbale wa enzi hizo. Mpishi alikuwa baba yake Afande.

Mimi kwetu ni Kisumu. Kwetu wazee waling'olewa meno sita ya chini, yakaisha, na hakuna Mzungu aliyewaandikia barua. Kwa hiyo ilibidi nieleweshwe. Afande alikuwa Mgisu wa Mbale, na Wagisu kila baada ya mwaka mmoja wana msimu wa imbalu. Vijana hupakwa unga mwili mzima, huchezeshwa ngoma siku kadhaa, kisha husimama mbele ya watu wote na kukatwa bila kupepesa jicho. Asiyesimama huitwa musinde, mvulana, hata akiwa na mvi na wajukuu. Musinde anatafutwa. Akikimbilia Jinja anangojwa arudi, na akirudi ndani ya jeneza, wenye ukoo wana neno la kusema, na kisu, kabla ya kaburi.

Hapo ndipo palipokuwa na shida ya Afande. Alitaka kuzikwa Namakwekwe, pale Mbale, ubavuni mwa baba yake. Nafasi ya mtu mmoja ilikuwa imeachwa. Baba alizikwa kwa nguvu ya barua ile, bila kukatwa, kama alivyozaliwa, lakini tangu siku hiyo wazee wa ukoo walikuwa wakisema barua ni ya kughushi, na mtoto asitegemee mlango ule ule. Afande alisema barua ni halali. Ugomvi huo ulikuwa umekula miaka arobaini nilipoukuta, na ulikuwa bado na njaa.

Alikuja kuilaminesha. Hakuilaminesha siku ile wala miaka tisa iliyofuata. Aliposikia kwamba mashine inafanya kazi kwa moto, aliishika bahasha kifuani na kuniambia nianze na karatasi yangu mwenyewe, aone. Nikalaminesha cheti changu cha ndoa. Ndoa yenyewe ilishakufa, lakini cheti kipo mpaka leo na hakiingii maji. Akakigeuza, akakinusa, akasema atafikiria. Juma lililofuata akaleta gazeti kuukuu tulijaribu. Baadaye akaleta kalenda ya kanisa. Nilikuwa nimelaminesha nusu ya nyumba yake, na barua bado iko kwenye bahasha.

Fotokopi nayo alikataa. Nilimwambia, Afande, nyumba ikiungua je? Uwe na nakala hata moja.

"Karatasi ya serikali hapana zaa," akasema. "Ikizaa, inakuwa karatasi ya sokoni."

Cha kuchekesha ni kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kuiamini karatasi ya mtu mwingine hata mara moja. Alikuwa na benchi lake dukani kwangu, chini ya tangazo la picha za pasipoti, na kutoka hapo alikagua nyaraka za wateja wangu bila kuombwa. Vyeti vya shule aliviinua kwenye mwanga, na barua za mwenyekiti wa mtaa alizisoma mara mbili kisha akauliza mwenyekiti aliziandika akiwa ameketi au amesimama. Siku moja bwana mmoja alileta cheti cha daktari cha kumwombea ruhusa kazini, Afande akakitazama na kumwambia, "Wewe hapana gonjwa. Huyu daktari ndiye gonjwa, ona mkono yake natetemeka." Yule bwana aliondoka na cheti chake, na mimi nikapoteza mteja. Nilimgombeza kweli siku hiyo. Alinisikiliza kwa adabu, akaniuliza kama nimemaliza, akarudi benchini.

Lakini barua ya baba yake ikiguswa kwa neno moja la shaka, aliinuka akaondoka bila kuaga, na juma zima hakuonekana.

Watu wa Wanyange waliipinga barua kwa hoja nzito kama za bungeni. Fundi cherehani wa jirani alisema hakuna Mzungu anayewafikiria watoto wa mpishi ambao hawajazaliwa. Afande akajibu kwamba huyu alikuwa Mzungu wa mipango. Muuza samaki akasema doa lile ni samli, na samli ni kitu cha jikoni kwetu, si ofisini kwa DC. Afande akasema ni siagi. Samli nanuka, siagi hapana nuka. Barua ikanuswa na watu saba, mimi nikiwa wa tano, mikono nyuma kama wafungwa, ndivyo alivyotuagiza. Wanne walisema siagi. Akayaandika majina yao katika daftari.

Daftari hilo lilikuwa la ushahidi. Jumapili baada ya misa alikuwa akienda pale chanzo cha Nile wanaposhuka watalii, bahasha mkononi, akitafuta Mwingereza wa kuitambua sahihi ya mwenzake. Waingereza ni adimu siku ukiwahitaji. Mara moja alimpata kijana mwenye kaptula, akamnawisha mikono kwa maji ya chupa, akamwonyesha. Kijana akatazama, akatikisa kichwa kwa furaha, akasema vizuri sana. Jumatatu nilisoma katika daftari: "Mzungu mmoja amethibitisha." Nikamwuliza alikuwa wa nchi gani. Akasema Denmark.

"Sasa Mdenmark atajuaje sahihi ya Mwingereza?"

"Hao najuana," akasema, na akafunga daftari.

Mwaka wa imbalu ulipofika, Afande hakuvuka Iganga, mji ulio njiani kwenda Mbale. Harusi za Mbale hakwenda, wala misiba. Alituma rambirambi na mchele. Redio ikipiga ngoma za kwao aliizima, kisha akakaa anaitazama kana kwamba itajiwasha. Wagisu wanaoishi Jinja walipopita barabarani na vijana wao wenye unga, alifunga dirisha na kuanza kupiga pasi. Siku za ngoma alipiga pasi mpaka mapazia. Watu walimcheka. Wanawake pale kisimani walikuwa wakisema mficha uchi hazai, na mwingine anajibu, mbona huyu amezaa watano. Na kweli alizaa watano, wote mabinti, Mungu akamwepushia kesi ya kizazi cha pili. Mtu ambaye angemaliza ubishi wote kwa sentensi moja alikuwa mkewe, Msoga wa hapo hapo Jinja, mpole wa watu. Lakini alikufa kabla sijafika, na wanasema alipoulizwa alikuwa akicheka tu na kuomba chumvi.

Mimi nilimwuliza mwenyewe, mara moja. Mvua ilikuwa imetufungia dukani, umeme hakuna, na mimi ulimi wangu haujawahi kuwa na breki. Nikasema, Afande, mimi ni kama binti yako, niambie tu. Wewe vipi?

Nikaanza kupanga karatasi zilizokwisha kupangwa.

"Mama Fotokopi, barua nasema nini?"

"Inasema uhesabiwe."

"Basi hesabu."

Nikahesabu. Ungefanyaje?

Usije ukadhani alikuwa kichekesho tu. Mama yangu alipofariki, Afande alipiga pasi suti, akaja nami mpaka kwetu. Alisimama kaburini mkakamavu, hajui neno hata moja la Kijaluo, machozi yanamtoka. Wajomba zangu walidhani ni mkuu fulani wa serikali ya Uganda, wakampa kiti cha mbele na paja la kuku. Tukiwa njiani kurudi aliniambia, "Wewe iko na bahati. Mama yako alifika nyumbani, hakuna mtu aliuliza kitu." Alilisema akitazama dirishani, na nikajua kwamba kwake hili halikuwa mchezo. Tangu siku hiyo niliacha kumtania kuhusu barua.

Na ilikuwa vigumu kuacha, kwa sababu mimi nilikuwa najua kitu. Kazi yangu ni karatasi. Mwaka wa tatu hivi, akiwa ametoka nje kumfukuza mbuzi, niliisogeza barua kwenye mwanga wa mashine nikaitazama vizuri. Taipu ilikuwa taipu. Sahihi ilikuwa wino wa kweli, imekwaruza karatasi. Lakini ule muhuri haukugongwa. Ulichorwa kwa mkono, kwa ile penseli ya zambarau unayoilowesha kwa ulimi, duara zuri na herufi za mtu mwenye subira. Sasa nani aliuchora? Huenda DC alikuwa safarini na muhuri umebaki ofisini. Huenda pia mpishi alikuwa na karatasi ya bwana wake iliyokwisha kutiwa sahihi, na jioni ndefu, na hofu. Niliirudisha kwenye bahasha kabla mbuzi hajafika barabarani. Sikumwambia yeye wala mtu mwingine.

Basi mwaka jana miguu yake ilianza kuvimba. Daktari akamwambia maneno ambayo Afande hakuyakagua wala hakuyapinga. Siku ya tatu akaja dukani, hakukaa benchini. Ulikuwa mwaka wa imbalu, na mwenyekiti wa ukoo alikuwa amemtumia ujumbe: njoo na barua yako, njoo na mtu anayejua karatasi, tuimalize ungali unaweza kusimama.

"Mtu wa kujua karatasi iko wewe," akaniambia. "Wewe nakuja na mimi Mbale."

Nilijua kilichokuwa kinaningoja huko, na nilikwenda.

Namakwekwe zamani ilikuwa shamba la baba yake Afande. Sasa ni vyumba vya kupanga, safu mbili zinatazamana, boda boda mlangoni, na kaburi la mpishi liko katikati ya ua, kati ya vyumba na bafu. Wapangaji wamefunga kamba juu yake. Siku ile kulikuwa na mashuka matatu ya maua na sare za shule. Ubavuni mwa kaburi palikuwa na kipande cha ardhi tupu, kimefagiliwa, hakuna aliyethubutu kuweka hata ndoo. Hiyo ndiyo nafasi ya Afande. Aliitazama kabla hajamsalimu mtu.

Wazee walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki. Mwenyekiti wa ukoo, mzee mnene mwenye karakana ya kuchomelea mageti kule mtaa wa Industrial, alikaa kwenye sofa iliyotolewa ndani kwa heshima ya kikao. Nje ya geti ngoma zilikuwa zikipigwa taratibu, za kupasha moto. Na pembeni, juu ya jerikeni, alikaa mkataji mwenyewe na begi lake la visu, akila mahindi ya kuchoma na kutazama saa kama fundi bomba aliyeitwa nyumba mbili.

"Iko hivi," alisema mwenyekiti. "Kama barua ya kweli, huyu tutazika hapa na hakuna mtu nauliza. Kama ya uongo, kisu iko. Na yule mzee ndani ya kaburi pia tutaongea yake."

Mzee mmoja wa mwisho wa safu akasema yake haina maongezi, kaburi lifunguliwe, kazi ifanywe, lifungwe. Mpangaji mwanamke akatoa kichwa mlangoni kusema kwamba nguo zake hazitakauka kabla ya jioni. Kikao kikajadili nguo kwa muda. Nikamtazama Afande. Alikuwa amekunja ngumi mpaka vidole vimegeuka rangi.

Kisha nikaitwa. Nililetewa maji na sabuni mbele ya watu, nikanawa. Nikapewa barua ambayo nilikuwa naijua kuliko cheti changu cha ndoa. Niliitazama mbele, nikaitazama nyuma, nikaiinua kwenye jua. Ngoma zikanyamazishwa. Mimi si mwongo wa kuzaliwa, lakini asubuhi ile nilikuwa nimeamka nimeamua: nitasema ni halisi, muhuri umegongwa, nimemaliza. Nikafungua mdomo.

"Mama Fotokopi, wacha," akasema Afande.

Alikuwa amesimama.

"Mimi nasimamia shahidi kortini miaka mingi. Najua uso ya mtu nataka kusema uongo ya huruma. Hapana taka wewe kubeba hiyo." Akawageukia wazee. "Nyinyi wawili, kuja."

Akawachukua wazee wawili, mwenyekiti na yule wa kufungua kaburi, wakaenda nyuma ya bafu. Sisi wengine tukabaki tunayatazama mashuka. Mkataji akaacha kutafuna. Hawakukaa huko hata dakika mbili. Mwenyekiti alirudi mbele, akakaa kwenye sofa yake polepole, akajifuta uso.

"Huyu amekwisha," akasema. "Zamani sana."

Ua wote uliguna. Miaka hamsini ya kuitwa musinde, ya madirisha na pasi, ya kutuma mchele misibani. Mkataji akafunga begi lake, akauliza basi nani atamrudishia asubuhi yake.

"Wapi?" akauliza mwenyekiti.

"Jinja. Zahanati ya kambi."

Wazee wakanung'unika, maana kwa daktari si kukatwa, ni kutibiwa. "Ulilala?" akauliza yule wa mwisho wa safu.

"Nilisimama. Daktari nasema lala, mimi nakataa. Yeye akapiga magoti."

Hilo likajadiliwa kwa Kimasaba, lugha ya Wagisu, na kwa mikono, mtu mmoja akasimama na mwingine akapiga magoti ili wapime. Wakakubaliana kwamba aliyesimama amesimama, shida ni ya daktari. Watu wakaanza kucheka kwa nafuu, na mimi nikacheka nao. Kisha mwenyekiti akauliza, kama mtu anayejaza fomu tu:

"Mwaka gani?"

Afande aligeuza uso kuelekea kaburini.

"Juma lile tulizika baba," akasema.

Kicheko kikakauka. Mwenyekiti alikuwepo mazishini, kijana wakati ule. "Lakini wewe ndiye ulisoma barua kwa kaburi. Ulisoma kwa sauti. Ulituambia nani anabisha aje kwako."

"Nilisoma."

"Halafu?"

"Halafu nilirudi Jinja. Siku ya tatu nikaenda kwa daktari."

Hapo ndipo nilipomwelewa. Angeweza kusema tangu zamani, mimi nimetahiriwa, niacheni, akazikwa popote anapotaka. Lakini wangemwuliza lini, kama walivyomwuliza leo. Na wakijua lini, wangejua kwamba mtu wa kwanza kutoiamini barua ya mpishi alikuwa mtoto wa mpishi, hata udongo haujakauka. Akaona heri achekwe yeye.

Wazee wakaenda pembeni, wakakaa huko mpaka sare za shule zikakauka. Waliporudi mwenyekiti alisimama kutoa hukumu.

"Barua ilikuwa ya kweli mpaka jioni mzee aliingia kaburini. Kesho yake asubuhi ikakuwa ya uongo. Kaburi hapana fungua. Na kijana yeyote wa ukoo asije na fotokopi. Huyu, nafasi yake iko pale."

Penye wazee haliharibiki neno, hata kama neno lenyewe halina kichwa wala miguu. Watu walipiga makofi. Ngoma zikaanza tena, mkataji akaenda nyumba ya pili, chai ikaletwa. Nikamtafuta Afande nimpe mkono wa pongezi, amepata alichokitaka.

Nilimkuta nyuma ya mashuka. Alikuwa ameyasogeza kando, amesimama mbele ya kaburi, visigino pamoja juu ya ile miguu iliyovimba, mikono imenyooka mapajani. Nilidhani angesema Kimasaba. Alisema Kiswahili, lugha ya ripoti, lugha ambayo mpishi na askari wote waliitumia kazini.

"Baba. Hii iko mtoto yako. Mimi nilisoma barua yako mbele ya watu, halafu mimi hapana amini wewe. Ndiyo hiyo."

Aliendelea kusimama. Jasho lilikuwa linamshuka shingoni na ameanza kuyumba. Nikamsogelea.

"Afande, tuondoke sasa. Utaanguka."

"Ngoja," akasema, bila kugeuka. "Bado hapana jibu."

Nikamshika kiwiko, tukangoja pamoja.